Mfalme wa Waingereza: tunawacheka bila kuwasikiliza

Kila ikitoka habari ya nyumba ya kifalme ya Uingereza, iwe harusi, iwe msiba, iwe ile skendo ya Andrew ambaye Oktoba 2025 kaka yake, Mfalme Charles, alimvua mpaka cheo cha mwanamfalme, huku kwetu kuna maneno lazima utayasikia: eti hawa watu na usomi wao wote bado wanampigia mtu goti kisa kazaliwa nyumba fulani, mbona sisi Malkia Elizabeth tulimtoa ndani ya mwaka mmoja tu. Na kweli tulimtoa. Tanganyika alikuwa mkuu wa nchi kuanzia 9 Desemba 1961, mwaka uliofuata tarehe ileile hayupo. Kenya Desemba 1963 hadi Desemba 1964. Uganda Oktoba 1962 hadi Oktoba 1963, ila wale walimtoa malkia halafu urais wakampa Kabaka, mfalme wa Buganda, hiyo tuiache.

Mimi sio shabiki wa Charles, na kwa yaliyofanywa na taji lile huku kwetu sioni kwa nini niwe. Lakini hawa Waingereza wanaotaka abaki naona wanaonewa kidogo, maana watu wanadhani wote ni mabibi wenye vibendera wanaolala barabarani kusubiri gari la farasi lipite. Wapo hao, ila sio hao wanaoubeba ufalme.

Kuna utafiti wa maoni unaitwa British Social Attitudes, wameuliza swali hili kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1983 watu 86 kati ya 100 walisema ni muhimu Uingereza iwe na ufalme. Mwaka 2024 wamebaki 51. Yaani watu 35 katika kila mia wamepotea. Ukiishia hapo unasema jamaa amekwisha, funga virago. Ila utafiti huohuo wa 2024 uliwabana watu kwa swali la pili: ukiambiwa uchague moja, ufalme ubaki au mkuu wa nchi achaguliwe kwa kura? 58 wakasema ubaki, 38 wakataka kura. Hebu tuliza akili hapo. Hata ukichukua wale 51 wote ukawaweka upande wa kubaki, bado unahitaji wengine saba kufika 58, kwa hiyo kuna angalau watu saba katika mia ambao hawaoni umuhimu wa ufalme na bado ukiwauliza tuuondoe wanakwambia hapana.

Mimi hao saba ndio wananiumiza kichwa, maana ukiwaelewa hao umeielewa Uingereza.

Fikiria nyumba ya marehemu babu, kila ukoo una yake. Hakuna anayeishi humo, paa linavuja, kila mwaka watu mnachangishana hela ya kuipaka rangi na kila mwaka mnanung'unika. Ukiuliza mmojammoja, hii nyumba ina umuhimu gani? Wengi watakwambia haina. Sasa thubutu kusema kwenye kikao tuiuze. Swali la kwanza halitakuwa la bei, litakuwa hela atashika nani, na hapo kikao kimevunjika.

Waingereza nao swali lao ndio hilohilo, kiti kikiwa wazi anakaa nani. Na wanaliuliza wakiwa wanawajua wanasiasa wao vizuri, maana mwaka 2022 peke yake walikuwa na mawaziri wakuu watatu, Johnson, Truss na Sunak, na Truss aliteuliwa na malkia pale kasri la Balmoral siku mbili tu kabla malkia hajafa halafu yeye mwenyewe hakumaliza hata miezi miwili. Mtu aliyeishi mwaka ule ukimwambia njoo tuchague na rais juu ya hawa, anakuangalia tu.

Australia walishalipitia hili. Novemba 1999 walipiga kura ya maoni, malkia abaki au wawe jamhuri, na waliotaka jamhuri walikuwa wengi tu, ila rais aliyependekezwa alikuwa achaguliwe na bunge, basi wale waliotaka achaguliwe na wananchi moja kwa moja wakaungana na wapenzi wa malkia kuikataa. Hapana ikapata kama asilimia 55. Malkia kashinda bila kufanya mkutano hata mmoja.

Halafu kuna kitu sisi tunakisahau tukijisifu kwamba tulimtoa. Mwaka 1961 tulikuwa na viti viwili, cha heshima alichokalia gavana mkuu kwa niaba ya malkia, na cha kazi cha waziri mkuu. Ilipokuja jamhuri 1962 hatukukitupa kile cha heshima, tulivichomelea pamoja akakaa mtu mmoja, na cheo cha waziri mkuu hatukukiona tena hadi 1972. Kenya nao wakafanya hivyohivyo. Sisemi ilikuwa makosa, wakati ule kila mtu alikuwa na sababu zake, ila ndio maana sisi tukisikia neno jamhuri tunaona msafara wa magari na picha ukutani, na hatuelewi mtu anayesema afadhali ukubwa wa jina ukae kwa mtu asiye na nguvu, ili mwenye nguvu asiwe na ukubwa wa jina.

Sasa upande wa pili, na wenyewe wana hoja nzito sio kelele. Wanaotaka jamhuri kule wengi hawataki rais wa aina yetu, wanaangalia jirani yao Ireland, ambako rais anachaguliwa na wananchi, anapokea wageni, anasaini sheria, na serikali anaendesha mwingine. Kumbe viti viwili vinawezekana bila kurithishana. Hapo wanaotetea mfalme huwa wanababaika kidogo, na wana haki ya kubabaika.

Linalowauma zaidi ni la 2019. Johnson alimshauri malkia asimamishe bunge kwa wiki tano katikati ya vurugu za Brexit, ile ya kujitoa Umoja wa Ulaya, malkia akakubali, na waliokuja kusema ile haikuwa halali ni majaji 11 wa Mahakama ya Juu, wote kwa sauti moja. Kwa hiyo yule mlinzi tunayeambiwa yupo pale kulinda katiba siku ya tukio alifungua geti. Kama yupo ili asifanye kitu, si hata sanamu ingetosha? Sijawahi kusikia jibu la kuniridhisha hapo.

Ya hela mimi naona zinapigiwa kelele kuliko uzito wake. Fungu rasmi lilikuwa pauni milioni 86.3 kwa mwaka, 2025/26 likapanda hadi milioni 132.1 sababu ya ukarabati wa kasri la Buckingham, na hata hivyo ukiligawa kwa kichwa halifiki pauni 2. Kundi la Republic, wale wanaotaka ufalme uondolewe, linasema ukijumlisha ulinzi na mapato ya mashamba inafika kama milioni 510, sawa, bado sio hela ya kuangusha nchi. Kinachochefua ni kwamba mtoto wa fundi bomba akirithi nyumba ya maana anakatwa asilimia 40 ya kinachozidi kiwango, wakati mali ya mfalme kwenda kwa mfalme haikatwi hata senti.

Hatari yenyewe ipo kwa vijana. Kwenye kura za maoni za YouGov wa miaka 18 hadi 24 wanaotaka ufalme ubaki hawafiki nusu. Watetezi wanasema tulieni, watakua, na ni kweli waliokuwa vijana wakati Diana anakufa 1997 leo ni watu wazima wa miaka hamsini na wengi wao wako upande wa kubaki. Ila hao walikua wakimkuta Elizabeth pale, mtu aliyekaa miaka 70 bila kujulikana anawaza nini. Charles tunajua anawaza nini mpaka kuhusu majengo, na mwanawe William akija tutakuwa tunajua mpaka timu anayoshangilia, ni Aston Villa.