Kipimajoto kiko uwanja wa ndege, sisi tunalala Mabatini

Jirani yangu hapa Mabatini, Mwanza, Mama Kulwa, muuza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, ana chupa ya mafuta ya nazi juu ya kabati la vyombo. Mwezi wa saba, ukimgongea alfajiri, unamkuta anayachokonoa kwa mpini wa kijiko, maana yameganda meupe. Mwezi wa kumi, saa ile ile kumi na moja ya alfajiri, yanamiminika kama maji. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi. Kwa hiyo chupa ile, bila mwenyewe kukusudia, ni kipimajoto cha kukadiria. Inasema kwamba mwezi wa kumi chumba kile cha futi kumi kwa kumi hakipoi usiku kucha, wakati nje ukitoka kwenda chooni unajikunyata kwa upepo.

Nimeanzia kwenye chupa kwa sababu mabishano ya joto Mwanza kwa kawaida huanzia kwingine. Ukisema joto linaumiza watu majumbani, mtu atakujibu: joto gani? Njoo Dar uone joto. Na ana haki ya kusema hivyo. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana kipimo cha kawaida ni 27 hadi 29, usiku hushuka chini ya 20. Atakukumbusha pia kwamba foleni ya zahanati imejaa malaria, kuhara na kichocho, na hakuna daktari anayeandika kwenye cheti kwamba fulani kaletwa na fukuto la chumbani kwake.

Hoja hiyo ina nguvu zaidi ukitazama ushahidi wenyewe unatoka wapi. Mifano inayotajwa kila mara ni ya mbali. Chicago, Julai 1995, watu zaidi ya 700 walikufa kwa joto. Ufaransa, Agosti 2003, karibu 15,000. British Columbia huko Kanada, mwaka 2021, vifo 619 ndani ya siku chache, na karibu vyote vilitokea ndani ya majengo. Hao wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao, kwenye nyumba zilizojengwa kutunza joto wakati wa baridi, na miili yao haikuwa imezoea. Mwili wa binadamu hujifunza joto ndani ya wiki moja hadi mbili: jasho huanza kutoka mapema zaidi na chumvi inayopotea hupungua. Mtu aliyezaliwa Igogo amejifunza tangu utotoni. Tena nyumba zetu zimebanana kiasi kwamba bibi akinyamaza asubuhi moja tu, watoto wa jirani wameshachungulia.

Nakubali yote hayo. Kuchukua takwimu za Ufaransa na kuzimwaga Mabatini ni uvivu. Lakini hoja ya "Mwanza si Dar" nayo ina kasoro yake, na kasoro hiyo iko kwenye kipimo. Joto la mji linalotangazwa hupimwa uwanja wa ndege, kwenye kibanda cheupe chenye mianya, kivulini, juu ya nyasi, mita moja na nusu hivi kutoka ardhini, mahali pa wazi upepo unapopita. Hivyo ndivyo vituo vya hali ya hewa vinavyopima duniani kote, na ni sawa kwa kazi yake. Ila hakuna anayelala kwenye kile kibanda.

Mabatini, jina lenyewe lina bati ndani. Bati jipya linang'aa na kurudisha sehemu kubwa ya jua, lakini likishapata kutu hulinyonya, na aliye chini yake bila dari anapata joto la aina mbili: la hewa, na la mwako unaoshuka moja kwa moja kichwani kama wa jiko. Hili la pili kipimajoto cha hewa hakilioni vizuri. Kisha kuna tofali za saruji, na nyuma ya tofali kuna mwamba. Nyumba nyingi za milimani kwetu zimeegemea jiwe, na jiwe linaota jua tangu asubuhi. Weka kiganja chako kwenye mwamba wa nyuma ya nyumba saa mbili usiku, utaelewa.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi, hata mafundi. Bati ni jembamba. Jua likizama linapoa upesi sana. Adui wa mchana ni bati, lakini adui wa usiku ni ukuta na jiwe, pamoja na sisi wenyewe. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi. Wakilala wanne chumba kimoja ni kama umeacha balbu nne kubwa za zamani zinawaka hadi asubuhi, dirisha likiwa limefungwa. Ndiyo maana simuamini sana anayesema piga dari, umemaliza. Dari hupunguza mwako wa saa nane mchana, hilo halina ubishi. Lakini Mama Kulwa saa nane mchana yuko Mwaloni anaanika dagaa. Chumba anakihitaji saa nane usiku.

Na usiku ndipo mwili unapolipa deni. Mchana moyo umesukuma damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke, jasho limechukua maji na chumvi. Usiku joto la ndani ya mwili linatakiwa lishuke kidogo ndipo usingizi uwe mzito. Chumba kisipopoa, mtu anageuka-geuka, anaamka kuchota maji, anaamka tena. Kwa kijana ni uchovu na hasira za asubuhi kwenye daladala. Kwa mzee mwenye presha anayetumia dawa za kukojosha, ni upungufu wa maji juu ya upungufu wa maji. Akisimama ghafla kwenda msalani, kizunguzungu. Mjamzito naye yuko kwenye hatari: tafiti za nchi nyingi zimehusisha joto kali na kujifungua kabla ya wakati na watoto kuzaliwa wafu.

Wachanga ndio wanaonipa mawazo zaidi, kwa sababu hapo joto linaingia kwa mlango wa nyuma. Mtoto wa miezi miwili anatokwa na harara shingoni, analia, bibi anasema ana kiu, mpe maji kidogo. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha hadi miezi sita, hata kwenye joto, mradi anyonye mara nyingi zaidi. Yale maji ya kijiko ndiyo yanayoleta kuhara. Takwimu zitaandika kuhara, na fukuto lililoanzisha safari nzima halitaandikwa popote. Kosa la upande wa pili lipo pia: mtoto ana homa kweli, watu wanasema ni joto la chumba, wanamwogesha na kungoja. Huku Kanda ya Ziwa, yenye malaria kuliko sehemu nyingi za nchi, mtoto mwenye mwili wa moto anapelekwa kupimwa kwanza. Lawama za bati baadaye.

Nimemuona pia mzee mmoja mgonjwa wa kisukari anayetunza insulini yake ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa, katikati mchanga, na kila jioni anaumwagia maji. Maji yakikauka kwa kupenya udongo, yanaondoka na joto. Ni akili ile ile ya mtungi wa bibi, na inafanya kazi. Lakini imenifundisha kitu: tumetafuta namna ya kupooza dawa kabla ya kutafuta namna ya kumpooza mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa nyumba na afya mwaka 2018, kwa upande wa baridi lilitaja namba: ndani pasishuke chini ya nyuzijoto 18. Kwa upande wa joto halikutaja namba. Lilisema tu mikakati iwekwe. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa waliwakalisha wazee kwa muda wa saa nane kwenye vyumba vya joto tofauti, na 26 ikapendekezwa kuwa kikomo. Hao walikuwa wazee wa Kanada. Hakuna bibi wa Isamilo aliyekaa humo, na pengine angeomba shuka. Kwa hiyo sidai tuweke sheria ya 26. Nadai tuanze kupima ndani, usiku, milimani.

Sasa tatizo lenyewe. Ukimuuliza mtu mbona hafungui dirisha, atakupa majibu mawili kwa pumzi moja: mbu na wezi. Yote mawili ni ya kweli. Mbu wa malaria huuma usiku wa manane, na mwizi hutumia fimbo yenye ndoano kuvuta simu dirishani. Tunafunga basi, tunaingia kwenye chandarua. Chandarua nacho hukata upepo. Vipimo vimeonyesha kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya hewa inayopita. Ndiyo sababu kila mtafiti anayeuliza watu kwa nini hawakulala kwenye chandarua hukutana na jibu la joto. Tunaposema joto na malaria ni magonjwa mawili yanayogombea bajeti moja, tunasahau kwamba ndani ya chumba ni kitu kimoja. Fukuto ndilo linalomtoa mtoto chandaruani saa sita usiku.

Bati lenyewe lina wakili wake, na si wakili mbovu. Nyumba ya nyasi ni baridi. Aliyewahi kuingia kwenye nyumba ya msonge pale Makumbusho ya Bujora, Kisesa, anajua. Lakini nyasi huoza, huungua na huficha mbu. Watafiti walioweka mbu kwenye nyumba za majaribio nchini Gambia waliona mbu wanakufa zaidi kwenye nyumba za bati, kwa sababu ya joto la mchana. Yaani joto lile lile linalotutesa lina kazi linayoifanya. Hakuna anayerudi kwenye nyasi, na sioni sababu ya kumshawishi. Bati huvuna maji ya mvua, na katika ukoo mwingi ni alama kwamba kijana hakuzurura bure mjini.

Mtwara wamejaribu njia nyingine: nyumba 110 za majaribio zenye vyumba vya kulala ghorofani, kuta zake zikiwa na wavu unaopitisha upepo na kuzuia mbu. Wazo zuri, lakini kijijini kuna uwanja. Kwetu mlimani nafasi ya ghorofa ni ya mwenye pesa, na mpangaji hajengi.

Feni? Feni ya wati 60 kwa saa nane inakula karibu nusu uniti. Ni kidogo, na kwa joto letu inasaidia kweli. Haijafika ile ya 40 ambapo feni inakupulizia moto tu. Shida ni mita. Vyumba sita, LUKU moja. Nyumba ikishavuka uniti 75 kwa mwezi, inatoka kwenye daraja la wateja wadogo na bei ya uniti inapanda kwa wote, hata kwa asiye na feni. Ndipo unapokuta tangazo la kalamu ya wino mzito koridoni: pasi Jumapili tu, jiko la umeme marufuku, feni mwisho saa nne. Kiyoyozi sikitaji, kinapooza chumba cha mmoja na kumtemea joto wa uchochoroni.

Kwa hiyo mimi niko upande wa dirisha, kabla ya dari na kabla ya feni. Madirisha mawili, kuta zinazotazamana, yenye nondo na wavu wa mbu, yaliyo juu kiasi kwamba fimbo ya mwizi haifiki kitandani. Na yasitazame ziwani tu. Tunapenda dirisha la kuonea ziwa, lakini upepo wa ziwa ni wa mchana. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko maji, upepo hugeuka na kutoka nchi kavu kushuka majini. Dirisha la usiku ni la upande wa mlima. Najua watakaonibishia: upande wa mlima kuna jiwe, au kuna ukuta wa jirani sentimita thelathini. Kwa nyumba hizo dirisha la pili ni ndoto, na hapo nakubali kushindwa nusu. Zitabaki kupaka bati rangi nyeupe na kuacha mwanya wenye wavu juu ya ukuta. Zilizobaki hazina kisingizio isipokuwa kimoja, nacho ni nani alipe.

Swali hilo nililisikia likijibiwa uani wiki iliyopita. Mama Kulwa alimwambia mwenye nyumba anataka ukuta wa nyuma utobolewe.

"Nikitoboa, Mama Kulwa, kodi inapanda."

"Kiasi gani, baba?"

"Elfu tano kwa mwezi."

Alinyamaza, akahesabu kwa vidole, maana kodi inalipwa ya miezi sita. "Ukiweka na wavu," akasema. "Na usiku feni isizimwe."

Mzee alicheka. Ya feni hakuijibu. Fundi ameshapima, amechora mraba kwa chaki ukutani, juu kidogo ya lile kabati la vyombo.