Sikumchemsha mkwe, alinyeshewa tu

Kwa kuwa Chidi, tuliyekuwa naye garini, ameshawatangazia kwamba nimemchemsha baba mkwe kama maharage ya bwenini, acheni niseme mwenyewe. Sikumchemsha. Alinyeshewa. Na maji yalipomfikia yalikuwa vuguvugu, maana alisimama mbali kidogo. Hilo Chidi halisemi.

Peugeot 504 ya marehemu baba mnaijua, nimewachosha nayo humu. Ndiyo, ileile ambayo nikishapata soda mbili naanza kuwaambia ilivyoshinda Safari Rally mwaka 1975. Jumamosi nilijitolea kuwapeleka wakwe Iringa kwenye send-off ya shemeji. Mke wangu, Mama Neema, alinisihi niwakatie wazee tiketi za basi. Nikamjibu, "Wazee wapande basi na mimi nina Pijo?" Kauli hiyo naambiwa imeshafika kwenye grupu la ukoo wao.

Kutoka Morogoro hadi Ruaha Mbuyuni geji ya joto ilitulia katikati, mama mkwe akanunua vitunguu, maisha mazuri. Tukaanza kupanda mlima Kitonga nyuma ya lori linalotambaa kwa gia namba moja. Kona ya pili, mshale ukaanza kupanda kuliko sisi.

"Hiyo ni themostati," nikasema kwa sauti ya fundi mkuu, yaani ile vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kupozwa.

"Themostati si uliitoa Jumapili?" Chidi akauliza.

"Basi ni gasketi ya silinda hedi."

Nikawasha hita. Wewe unayecheka, hita ni rejeta ndogo, yaani kipoza maji kingine cha injini, inavuta joto la injini na kulileta ndani ya gari. Dawa ya kweli hiyo, muulize fundi yeyote. Ila ndani ya gari palikuwa na mzee wa miaka 71 ndani ya suti ya vipande vitatu.

"Mwanangu, mbona upepo huu ni wa moto?"

"Ndiyo, baba. Tunaisaidia injini."

Akavua koti. Akavua kizibao. Alipofika kwenye kifungo cha shati nikaona heshima inaniponyoka, nikaegesha.

Sasa hapa naomba msinikatize.

Kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi. Najua. Mimi ndiye niliyewaandikia humu humu, kwa herufi kubwa, kwamba maji yaliyobanwa na presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiyafungulia yanageuka mvuke palepale. Mlinipa mioyo mingi siku ile. Lakini mkwe ameshuka, mikono nyuma, shati jeupe la siku ya kwanza, anatazama injini kisha ananitazama mimi. Mwanaume ungesimama tu?

Nikaazima khanga ya mama mkwe, nikaikunja mara nne. Robo ya kwanza: fssss.

"Ndiyo inapumua?" mzee akauliza.

"Inapumua, baba."

Pale ndipo pa kuachia, uende ukakae kivulini nusu saa. Mimi nikakandamiza, nikazungusha tena.

Kifuniko kikaniaga. Ukasimama mnara wa maji yenye kutu, rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, ukapita boneti, ukapita kichwa changu, halafu upepo wa Kitonga ukaupinda. Nilipata muda wa kuona unakoelekea. Nilipata muda wa kufungua mdomo. Neno lililotoka ni "Shikamoo."

Mzee hakukimbia. Alisimama ukamwagika wote, akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Marahaba," akasema. Nyani mmoja pale kwenye kingo aliacha kutafuna.

Utingo wa lile lori akaja, akamwamkia mzee kwanza, akachungulia sekunde tatu. "Bro, huu waya wa feni umeukunja wa nini?"

Feni ya 504 haizunguki muda wote. Maji yakipata moto, sumaku ndiyo huikamata izunguke, na sumaku inataka umeme, na umeme unapita kwenye waya mmoja mwembamba. Ule niliouchomoa Jumapili nikitoa themostati, nikaukunja vizuri usinisumbue. Tambarare upepo wa safari ulikuwa unanifanyia kazi. Kupanda kwa mwendo wa konokono, upepo utoke wapi? Geji ilikuwa inanieleza hayo tangu kona ya pili, mimi nipo na gasketi.

Mengine mafupi. Tukasubiri injini ipoe, tukatia maji ya kunywa ya mama mkwe, waya ukarudi, tukafika ukumbini keki imeshakatwa. Nina lengelenge kwenye kiganja. Khanga sijairudisha, na Chidi kwenye video amevuta picha hadi jina lake likasomeka: Subira Yavuta Heri.

Wazee walirudi kwa basi. Jana mzee akanipigia, akaulizia watoto, akaulizia kazi, akaulizia mvua, kisha akanyamaza kidogo.

"Krismasi mnakuja?"

"Tunakuja, baba."

"Tiketi nitakukatia mimi."