Mzee wa Ndani ya Kaseti

Mapenzi yangu kwa muziki hayana historia ya heshima. Wenzangu husimulia kwaya, kinanda cha nyumbani, mjomba mpiga gitaa. Mimi nimelelewa na betri zilizokwisha.

Baba alikuwa na redio kaseti kubwa, ya kula betri sita, zile nene. Betri mpya zilikuwa za taarifa ya habari, na habari ikiisha tu alizichomoa akaingia nazo chumbani. Zilizochoka hazikutupwa. Zilikaa kwenye droo, na hizo ndizo zilikuwa haki yetu watoto. Nilikuwa nazianika juani, nazigongagonga, nazipachika, nabonyeza kitufe huku naomba dua. Kurudisha kanda kwa mota ilikuwa anasa isiyofikirika. Nilichomeka kalamu ya wino, ile ya pembe sita, kwenye kigurudumu cha kaseti, nikaizungusha hewani mpaka mkono ukafa ganzi.

Sasa, kuna jambo sikulijua wakati ule. Tangu kampuni ya Philips ilipoitoa kaseti mwaka 1963, kanda hutakiwa kupita kwenye kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Betri zikilegea sana, mota nayo hulegea. Mwendo ukipungua kwa karibu asilimia 6, wimbo mzima hushuka nusu toni, yaani hatua moja ya kinanda. Ukipungua hadi nusu, hushuka oktavu nzima, kutoka do ya juu hadi do ya chini, na dakika tatu huwa sita. Na ubaya wake ni kwamba hakuna anayeshtuka. Ngoma, gitaa na mwimbaji wote wanashuka pamoja, kwa adabu, hakuna anayemwacha mwenzake.

Basi kwenye kaseti niliyoipenda kuliko zote aliimba mzee mmoja. Sauti nzito, ya kujivuta. Maneno yalikuwa ya mapenzi, lakini aliyatamka kama mtu anayesomewa wosia huku akiurudia. Nilimjua vizuri yule mzee: ndevu nyeupe, koti zito, fimbo, na goti la kushoto linalomsumbua. Jalada la kaseti lilishapotea kabla sijapata akili, kwa hiyo hapakuwa na picha ya kunipinga. Nilipobalehe sauti ikanishukia, nikaona ni wito. Nikawa nafanya mazoezi naye kila jioni, nota kwa nota, nikivuta pumzi anapovuta.

Shuleni ikatangazwa siku ya burudani. Nikajiandikisha kwenye uimbaji. Bahati ilioje, upande wa B wa kaseti ulikuwa na wimbo uleule, ala tupu, na shule ilikuwa na vyombo vya kisasa vinavyotumia umeme. Nikamkabidhi kaseti mwalimu wa mitambo, nikamsisitizia: upande wa B. Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu ambaye hajasikia.

Nikaingia jukwaani nikiwa mzee kamili. Koti la kuazima lililofika magotini, fimbo, na ndevu za pamba nilizozigandisha kwa gundi ya karatasi. Nilichechemea mguu wa kushoto kutoka pazia hadi kipaza sauti, polepole, mpaka ukumbi ukanyamaza. Mwalimu akabonyeza.

Ala zilitoka mbio. Nikadhani mtambo umeharibika. Nikamtazama mwalimu, akaniinulia dole gumba. Nikajaza kifua, nikafungua kinywa, na kutoka kwenye spika kubwa akaimba msichana.

Msichana! Sauti nyembamba, changamfu, inarukaruka. Nikafunga kinywa, yeye akaendelea. Nikakifungua nimuulize mwalimu kulikoni, na palepale spika zikasema "mpenzi wangu" kwa niaba yangu, huku namkazia macho. Ukumbi ukapasuka. Mimi, kwa akili zangu timamu, nikageuka kumtafuta huyo binti. Nikafunua pazia kwa fimbo. Nikachungulia nyuma ya spika. Jasho likaanza kuyeyusha gundi, ndevu zikaachia upande mmoja, zikaning'inia sikioni. Watu wa mbele walikuwa wameshikana mabega ili wasianguke.

Maneno yalikuwa yaleyale, mpangilio uleule. Nilipoelewa nani ni nani, miguu iliishiwa nguvu zaidi ya betri za droo.

Mwalimu akagundua, akageuza kaseti. Ala tupu sasa, lakini mbio zilezile, tena juu, juu mno kupita pale nilipozoea. Nikaanza chini, nikasikika kama nimo kwenye pango. Nikajaribu kupanda, sauti ikakatika ikatoa mlio wa bawaba. Nami niko katikati ya ubeti wa kwanza, wao wameshafika kwenye kiitikio. Nikaanza kuruka maneno ili niwawahi, nikaruka mistari, mwishowe nikaruka ubeti mzima na bado nikawakuta wamekwisha. Kanda ikaisha, mtambo ukajizima kwa kishindo. Kiitikio cha mwisho nilikiimba peke yangu, chote, maana mzee wangu hakuwahi kuacha wimbo njiani.

Nilipewa zawadi ya kwanza ya vichekesho, kundi ambalo sikuliomba. Jaji mmoja aliniuliza ile sehemu ya kuchungulia nyuma ya spika niliifanyia mazoezi kwa muda gani. Nikamjibu, muda mrefu sana.

Baba alikuwepo, amekaa nyuma kabisa. Jioni hakusema neno. Aliingia chumbani, akatoka na betri mpya, zote sita, akanipa. Nikapachika, nikabonyeza upande wa A. Binti akaja kwa wakati, mchangamfu, kila nota mahali pake. Sikatai, anaimba vizuri, na mapenzi yenyewe kwa mara ya kwanza yalisikika kuwa ni mapenzi. Wimbo ulipoisha nikamshukuru baba, nikamrudishia betri zake, nikaenda kwenye droo.

Mzee akarudi. Zilikuwa mbovu mno zile za siku hiyo. Mpaka tunaitwa kwenda kulala, alikuwa hajamaliza ubeti wa kwanza.