Costilla: ekari tano, na maji ya kupikia tu

Kuna tangazo moja ambalo Waswahili wa Marekani hatuachi kutumiana. Ekari 5, Kaunti ya Costilla, kusini mwa Colorado, dola elfu chache, unalipa kidogo kidogo kila mwezi na hakuna anayekuuliza habari za mikopo yako. Kwenye picha, milima yenye theluji. Kisha swali: unaonaje, nikahamie huko, nilime, nifuge kuku, niachane na kodi ya nyumba?

Costilla ni kaunti nzuri, na ploti hiyo usiinunue.

Wengi wanaopima mahali pa kuhamia huanza na bei, halafu mandhari, halafu umbali wa mjini. Colorado ukianza hivyo umeanzia mwisho. Huko cha kwanza kuuliza ni maji, na simaanishi kama yapo chini ya ardhi. Namaanisha sheria inakuruhusu kuyafanyia nini ukishayapata.

Ardhi ya chini ya ekari 35, mara nyingi, hupewa kibali cha kisima cha matumizi ya ndani ya nyumba tu. Ndani maana yake ndani: kupika, kuoga, kufua, choo. Bustani haimo. Kuku hawamo, mbuzi hawamo. Mtu anaweza kuchimba kisima kwa gharama inayozidi bei ya ploti mara kadhaa, maji yakatoka safi kabisa, na bado akawa anavunja sheria akijaza ndoo moja kumwagilia mchicha. Mwenye ekari 35 au zaidi ndiye anayeweza kuomba kibali cha kumwagilia hadi ekari moja ya bustani na kunywesha mifugo yake. Kwa hiyo swali la ekari ngapi, ambalo kwingine ni la tamaa na mfuko, hapa ni la kisheria. Ekari tano na ekari 35 ni maisha mawili tofauti, hata udongo ukiwa ule ule.

Atakuja mjanja aseme atavuna mvua. Sawa, tupige hesabu. Bonde la San Luis, ambamo sehemu kubwa ya viwanja hivyo imo, liko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na milima iliyolizunguka hukamua mawingu kabla hayajafika. Chini bondeni mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Paa la mita za mraba 50 litakupa, tone lisipopotea hata moja, lita 10,000 kwa mwaka. Bustani ya mita za mraba 100, katika jua kali na upepo mkavu wa kule, inataka kama lita 500 kwa siku. Maji ya paa ya mwaka mzima yanakwisha siku ya 20. Na sheria ya 2016 inakuruhusu mapipa mawili tu, yasiyozidi galoni 110 kwa pamoja, yaani kama lita 416. Hiyo haifiki hata siku moja ya bustani. Vipo vibali vingine vya kuvuna mvua kwa wenye haki ya kisima, lakini vinafuata masharti ya kisima chenyewe, kwa hiyo umerudi pale pale.

Kuna wanaobeba maji kwa pikapu. Lita 1,000 ni tani moja, na pikapu nyingi za kawaida hazikuundwa kubeba tani moja. Fanya hivyo kila baada ya siku mbili, kwenye barabara ya vumbi, msimu mzima, halafu uniambie nyanya zako zimekugharimu kiasi gani. Msimu wenyewe ni mfupi, kama siku 90 hadi 100 bila jalidi. Januari usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 20 za hasi bila kumshtua mwenyeji.

Viwanja hivi havikukatwa na mkulima, hilo ndilo la kuelewa. Tajiri wa magazeti Malcolm Forbes alinunua ranchi ya Trinchera, humo humo Costilla, mwaka 1969, na sehemu yake ikakatwa viwanja vidogo vidogo vilivyouzwa kwa watu waliokuwa mbali. Waliofuata wameuziana hivyo hivyo, kwa picha. Ndiyo maana ploti zimejaa na nyumba ni chache. Kaunti nzima ina watu kama 3,500. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ilivutana vikali na walowezi waliokuwa wakiishi kwenye viwanja vyao bila mfumo wa majitaka ulioidhinishwa. Wengi wanaousimulia mvutano huo humwona ofisa wa kaunti kuwa adui. Mimi namwona kuwa mtu wa kwanza aliyemwambia mnunuzi ukweli, ingawa alichelewa.

Sasa zuri lake, maana lipo. Nenda kusini, kwenye mto Culebra, uone mji wa San Luis, ulioanzishwa 1851, mji mkongwe kuliko yote Colorado. Mwaka uliofuata wakazi walichimba mfereji wa pamoja, na haki yake ya maji ndiyo ya zamani kuliko zote katika jimbo zima. Mifereji hiyo huitwa acequia. Ina wanahisa, ina msimamizi wa zamu, na majira ya kuchipua watu hutoka na sepetu kuisafisha. Mchagga wa Kilimanjaro, mwenye mifereji ya aina hiyo kwao mlimani, angeielewa bila mkalimani. Kwenye mashamba hayo marefu membamba wanalima maharage ya bolita na majani ya mifugo, baridi hiyo hiyo, jua hilo hilo. Tofauti ni kwamba babu zao walitafuta maji kwanza, nyumba baadaye.

Kwa hiyo ningehamia? Kwa ekari 35 zenye kibali, huenda, kama ningekuwa na kazi ya kufanya kwa intaneti na gari la kuaminika, kwa sababu hospitali ya Alamosa iko kama kilomita 65 kutoka San Luis. Kwa shamba dogo lenye hisa ya mfereji, ningehamia bila kusita, ingawa hayo hayatangazwi kwenye simu yako na wenyewe hawana haraka ya kuyauza kwa mgeni. Ukibahatika kulipata, soma hati mstari kwa mstari uone kama hisa ya maji imetajwa. Colorado haki ya maji huweza kuuzwa peke yake, bila ardhi, na muuzaji anaweza kukukabidhi shamba zuri kabisa akabaki na mfereji.