Mteja akikaza mkono, mkandarasi akate bei au akate kazi?

Januari 2024 dola moja ya Marekani ilipita shilingi 160 za Kenya, na Februari Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Payslipu nazo zilikuwa zimeanza kukatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba mwaka 2023. Katika hali kama hiyo, jikoni jipya ndilo jambo la kwanza mwenye nyumba kuliahirisha. Bafu linalovujia jirani wa chini haliahirishiki. Ndipo mkandarasi wa ukarabati wa Nairobi anapolazimika kuamua: ashushe bei, au abadilishe kazi anayoiuza?

Wanaoshusha bei wana hoja. Kodi ya stoo hailali, leseni ya NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, hulipwa kila mwaka kazi iwepo isiwepo, na fundi hodari wa vigae akikaa wiki tatu bila kitu atahamia kwa mwingine. Kumpata tena ni shida. Bora faida kiduchu kuliko kikosi kutawanyika. Naikubali hoja hii kwa kazi moja au mbili. Zikizidi, hesabu inakataa.

Tuchukue mfano wa kazi ya shilingi 400,000: vifaa 260,000, malipo ya mafundi na vibarua 80,000. Zinabaki 60,000 za kulipa stoo, usafiri na mkandarasi mwenyewe. Ukimpunguzia mteja asilimia 10 umetoa 40,000, yaani thuluthi mbili ya kilichokuwa chako. Kisha vigae vya kutoka nje vikipanda bei kati ya siku ya kotesheni na siku ya kununua, jambo la kawaida shilingi inapoporomoka, na hizo 20,000 zimekwenda. Hapo ndipo mchanga unapoanza kuzidi saruji, na mteja huja kujua plasta ikianza kubanduka.

Kukata kazi ni tofauti. Mteja aliyetaka ya 400,000 akiwa na 150,000 tu, unamtengenezea bafu sasa kwa bei yako ileile, jikoni lingoje. Tatizo ni kwamba kazi ndogo zina ulafi wake: gari la vifaa ni lile lile, foleni ya Barabara ya Mombasa ni ile ile, na fundi bomba akimaliza saa tano asubuhi bado anadai siku nzima. Asiyeweka kiwango cha chini cha kazi atashinda barabarani wiki nzima na kumaliza mwezi mikono mitupu.

Kuna pia leba peke yake, ambapo mteja hununua vifaa mwenyewe. Wakandarasi wengi wanaiona kama kushushwa cheo. Mimi naona kwamba bei zikiwa hazitabiriki, inahamisha hatari ya bei kutoka kwako hadi kwa mteja, wala huhitaji mtaji wa kununua simenti. Ila mteja huyo ataleta rangi nusu ya iliyohitajika, mafundi wakae chini kungoja mchanga, na kazi ikiharibika lawama ni zako. Kwa hiyo iandikwe mapema kwamba siku ya fundi kungoja inalipwa.

Fedha nyingine ziko ng'ambo. Mwaka 2023 Wakenya walioko nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.2. Kuanguka kwa shilingi kulikomtisha mteja wa Nairobi kulimwongezea mteja wa ng'ambo uwezo: dola 1,000 zilizokuwa shilingi kama 124,000 mwanzoni mwa 2023 zilifika 160,000 mwaka mmoja baadaye. Bei haimsumbui sana. Anachohofia ni kuliwa, na huenda jamaa alishamla. Video ya kila Jumamosi, risiti za hadiweya na malipo ya hatua kwa hatua vitamvuta kuliko punguzo. Kero ni mjomba aliyeachiwa usimamizi, naye anasubiri ya chai. (Mhesabu tangu mwanzo, au ukatae kazi.)

Zabuni za serikali nazipita haraka. Asilimia 30 imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini madeni ya serikali kuu kwa wanaoiuzia bidhaa na huduma yalizidi shilingi bilioni 500 mwaka 2024. Mwenye kampuni ndogo anaweza kufilisika akiwa na kandarasi mkononi.

Inayonipa wasiwasi ni kazi ya mitaa ya Umoja na Buruburu jijini Nairobi, ambako wenye nyumba huongeza vyumba vya kupangisha ili wapate kipato. Soko lipo kweli, na uchumi ukibana ndipo wengi wanapowazia kodi. Lakini mteja anataka ghorofa juu ya msingi uliomwagwa kwa nyumba ya chini. Ukimwita mhandisi aupime, umeongeza gharama na siku, na mteja anaweza kwenda kwa yule anayemwambia "itabeba tu." Kazi hiyo iacheni iende naye.