Xiu Xiu: mateso ya nyika au mateso ya muhuri?

Filamu ya *Xiu Xiu: The Sent Down Girl*, iliyoongozwa na Joan Chen na kutoka mwaka 1998, inamhusu Wenxiu, binti wa fundi cherehani wa Chengdu, ambaye mwaka 1975 anapelekwa mashambani pamoja na vijana wenzake, kisha anakabidhiwa kwa Lao Jin, mchungaji wa Kitibeti, ili ajifunze kufuga farasi katika malisho ya nyanda za juu. Anaambiwa ni miezi sita tu. Muda huo unapita bila mtu kuja kumchukua, na ndipo wanaume wanapoanza kufika hemani mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidai kuwa anaweza kumrudisha kwao. Wa kwanza ni mchuuzi, anayekuja na tufaha na ahadi.

Wanaoilaumu filamu hii husema kwamba imegeuza kisa kimoja kuwa hukumu ya zama nzima. Tangu Desemba 1968, Mao, kiongozi wa China, alipoagiza vijana wenye elimu waende kufundishwa upya na wakulima maskini, vijana wapatao milioni 17 walihamishiwa vijijini, na miongoni mwao wamo waliofundisha shule, waliooa huko na wanaoikumbuka miaka hiyo kwa mapenzi. Xi Jinping mwenyewe, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa China, alipelekwa kijiji cha Liangjiahe, mkoani Shaanxi, mwaka 1969, akakaa miaka saba, naye huyaeleza maisha hayo kama chuo kilichomkomaza. Hoja hii si ya kupuuzwa, ingawa ina kasoro moja kubwa: aliyetoka shimoni akafika ikulu hawezi kuwa shahidi wa waliobaki shimoni.

Isitoshe, ushahidi wa upande wa pili haukutoka kwa wapinzani wa serikali peke yao. Mwishoni mwa 1972 Li Qinglin, mwalimu wa Fujian, alimwandikia Mao barua akilalamika kwamba mwanawe aliyepelekwa kijijini hapati chakula cha kutosha, ilhali watoto wa wakubwa wanarudishwa mjini kwa mlango wa nyuma. Mao alimjibu mwaka uliofuata na kumtumia yuan 300, na katika kipindi hicho serikali yenyewe ikakiri kwamba vijana hao walikuwa wakidhulumiwa, hata wakawapo maofisa walioadhibiwa kwa kuwabaka wasichana waliokuwa chini ya mamlaka yao. Kwa hiyo anayedai kwamba Joan Chen amezua anabishana na kumbukumbu za chama chenyewe.

Nguvu ya filamu, kwa maoni yangu, iko mahali ambapo pande zote mbili hazipatazami vya kutosha. Nyika haimtesi Wenxiu kwa kiasi kikubwa. Lao Jin anamchimbia birika la kuogea juu ya kilima na kumbebea maji, na huko ndiko anakopata heshima ambayo hakuna mwenye cheo aliyempa. Kinachommaliza ni karatasi, yaani kibali cha kurudi mjini chenye muhuri wa ofisa. Chini ya mfumo wa hukou, yaani uandikishaji wa wakazi kwa mahali wanapoishi, mtu aliyeandikishwa kijijini hakuwa na mgawo wa nafaka mjini, kwa hiyo kutoroka bila kibali kulimaanisha kuwa mzigo kwa wazazi wenye mgawo wao mdogo. Mwenye muhuri alikuwa na chakula, makazi na kesho ya binti mkononi mwake, na hakuhitaji kutumia nguvu.

Udhaifu ninaouona uko kwa Lao Jin. Yeye alihasiwa katika ugomvi wa ujanani, na hali hiyo inamrahisishia mwandishi wa filamu kazi kupita kiasi: mwanamume pekee mwema ni yule asiyeweza kumtamani binti kimwili. Ni mpole, mkimya, mvumilivu, na karibu hana maisha nje ya huzuni ya mgeni wake, ingawa Watibeti walikuwa na msiba wao, hasa baada ya uasi wao wa 1959 dhidi ya utawala wa China. Wakulima nao hawaonekani kabisa. Vijiji vingi vilivyopokea vijana hawa vilikuwa havijitoshelezi kwa nafaka, na kila mgeni alikuwa mdomo wa ziada, lakini hema lililotengwa na watu linaiondoa dhiki hiyo machoni petu.

Kuhusu siasa, filamu ilipigwa bila kibali, Chen akatozwa faini, na haikuruhusiwa kuonyeshwa China bara, huku Taiwan, hasimu wa China bara, ikiipa tuzo saba za filamu za Golden Horse. Wapo wanaoona tuzo hizo kuwa dalili ya propaganda. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa furaha ya hasimu haifanyi kisa kuwa uongo.

Hata hivyo, kuna jambo linaloipunguzia filamu lawama ya kuwasahau wenyeji. Anayesimulia ni kijana aliyempenda Wenxiu, aliyebaki Chengdu. Hakuwahi kuishi kwenye malisho hayo, na anayoyajua kuhusu Lao Jin ni yale ambayo mtu wa mjini angeweza kuyawazia. Laiti Chen angeufanya upofu huo uonekane zaidi ndani ya masimulizi, badala ya kuuachia mtazamaji augundue mwenyewe, mchungaji huyo angepata uzito anaoustahili.