Tensa Zisubiri Mwisho wa Muhula

Kozi ya uhusianifu wa jumla (nadharia ya Einstein kuhusu graviti) ikianza na tensa (vitu vya kihisabati vyenye fahirisi), muhula unakwisha mwanafunzi akipandisha na kushusha fahirisi, hajakokotoa kitu kinachopimika. Kwa shahada ya kwanza mpangilio huo ugeuzwe. Apewe metriki ya Schwarzschild (fomula ya umbali na muda kuzunguka tungamo lenye umbo la tufe) kama ilivyo, bila uthibitisho, aitumie. Milinganyo ya Einstein ije wiki tatu za mwisho, akiwa tayari anajua kinachotafutwa.

Zoezi la kwanza liwe saa za satelaiti za GPS, zinazomfikisha boda boda wa Kampala kwa abiria wake. Nusukipenyo cha obiti ni kilomita 26,600, cha Dunia 6,370. GM/c² ya Dunia (G ni thabiti ya graviti, M tungamo, c kasi ya mwanga) ni milimita 4.43. Igawanye kwa kila nusukipenyo, toa, zidisha kwa sekunde 86,400: saa ya juu inatangulia mikrosekunde 45.7 kwa siku. Kasi ya kilomita 3.87 kwa sekunde inairudisha nyuma 7.2. Inabaki 38.5, muda ambao mwanga husafiri zaidi ya kilomita 11.

Hapa wengi hukwama kwenye kikokotoo. Wanaingiza kipeuo kizima, √(1 − 2GM/rc²), wananakili 0.9999999993 na 0.9999999998 kutoka kwenye skrini, wanatoa, wanapata mikrosekunde 43. Fizikia ni sahihi. Tarakimu ndizo zimepotea. Wafundishwe kukadiria kwa 1 − GM/rc² kwanza, namba baadaye. Kosa jingine ni kujumlisha athari mbili zinazopingana.

Kisha walete nyumbani. Kilele cha Margherita, katika Ruwenzori, kina mita 5,109, Kampala takribani 1,200. Kwa gh/c² (g ni mchapuko wa graviti, h tofauti ya mwinuko), saa ya kileleni inatangulia nanosekunde 37 hivi kwa siku. Zoezi hili halihitaji maabara, na linawashika wanafunzi kuliko shimo jeusi lolote.

Palipo na hatari zaidi ni herufi r. Karibu kila mwanafunzi huidhani ni umbali kutoka katikati. Sivyo: ni mzingo wa duara uliogawanywa kwa 2π. Mpe duara mbili zenye r = 3GM/c² na 4GM/c², akokotoe umbali halisi kati yake kwa kuintegreti. Atapata takribani 1.54 GM/c², si 1. Asipolifanya hili kwa mkono wake, atafika 2GM/c², mpaka wa shimo jeusi, akidhani anga yenyewe imepasuka pale, ilhali kilichoharibika ni viratibu tu (namba za kutaja mahali).

Sharti ni mekanika ya Lagrange (njia ya kupata mwendo kutokana na nishati) iwe imekwisha kufundishwa. Bila hiyo, sekunde 43 za pembe kwa karne, ambazo obiti ya Utaridi hugeuka zaidi ya utabiri wa Newton, zitabaki namba ya kukariri.